Umoja na Wingi

Kila Idi, kabla ya adhana ya alfajiri,
simu ilitetemeka chini ya mto: barua ya baba.
"Mwanangu, Idi njema. Nimekukumbuka.
Kula vizuri. Usimwache mama yako na huzuni."
Koma zote mahali pake. Karani wa reli
hata akistaafu haachi nukta ipotee.

Kitu kimoja kilinikera: pale penye "Kwa"
palikuwa na anwani yake mwenyewe.
Baba kajiandikia baba.
Nikasema uzee. Nikasema macho.
Nilimcheka hata, mimi niliyesoma kompyuta Chumbageni
miezi mitatu, nikapewa cheti chenye mhuri.

Tumemzika Jumanne, udongo umelowa mvua ya vuli.
Usiku wa tatu, hitima imekwisha,
sufuria za kuazima zimerudi barabara ya kumi na mbili,
nikaifunua kompyuta yake.
Aliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya zamani,
kama kitu kinachoona baridi.
Nenosiri lilibandikwa chini ya meza:
Mnyusi, kwa herufi ndogo,
stesheni yake ya kwanza.

Nikaingia kwenye zilizotumwa.
Barua humwonyesha mgongo wake aliyeituma tu.
Chini ya "Kwa", mstari ambao simu yangu
haikuwahi kuuona hata mara moja:
Nakala ya siri.
Majina saba.
Langu la nne.

La nne! Mimi kifungua mimba,
mimi mziwanda, mimi peke yangu
niliyelala kitanda kizima na kulalamika upweke.

Nikasoma kwa kidole, kama mtoto wa chuo.
Mwantumu, Muheza. Rehani, Korogwe.
Wawili wa Mombo, wamefuatana kama mabehewa.
Mmoja wa Buiko, hana jina, ana namba tu na nukta.
Nikaona ramani ya reli ikijichora yenyewe,
na kila treni iliposimama kupakia mkonge
kulikuwa na mtu wa kushuka na kilemba chake.

"Mama yako," aliandika. Yupi?
Sentensi moja iliingia nyumba ngapi
bila kubadilisha nguo,
na kila nyumba ikaikaribisha kama ya kwake.
Nami niliihifadhi. Nilimsomea mume wangu kwa sauti.
Na huyo wa Buiko naye, nadhani, alimsomea mtu.

Nyuma ya pazia, ndani ya eda yake,
mama akauliza, "Unatafuta nini saa hizi?"
"Hesabu za baba."
Kimya. Shanga za tasbihi, moja, moja.
Kisha, bila kupandisha sauti:
"Wangapi?"
"Saba, mama."
"Mimi nilifika watano," alisema, "na wewe ndani."
Shanga zikaendelea.

Nikafungua barua mpya. Mkono ulijua njia ya marehemu:
anwani yangu juu, wao chini, gizani,
kila mtu apokee msiba wake peke yake,
asimwone anayelia pembeni.
Heshima, wangesema. Sitara.
Nikaandika, "Ndugu yangu, baba ametutoka,"
na sentensi ikanikwama kooni kama mwiba wa kibua:
ndugu yangu, ametutoka.
Kichwa umoja, mkia wingi.

Mwalimu wangu wa Usagara angeizungushia wino mwekundu.

Nikafuta "yangu". Nikaandika "zangu".
Kisha nikayachukua majina, moja moja,
kama mtu anayetoa vyombo vya wageni kabatini,
nikayapandisha juu, kwenye mwanga,
kila jina lione majina mengine.
Mombo mmoja aligoma kupanda, nikamwandika upya.
Nikatuma.

Jibu la kwanza lilikuja na adhana.
Buiko. Hakuna salamu, hakuna pole:
"Na wewe ni nani?"

Nikabofya jibu wote.
Mimi, nikaandika, ni wa nne.